“Unatumikaka wapi?” Neno la kazi na historia yake Kolwezi

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akifika Kolwezi kwa mara ya kwanza, kuna swali moja litakalomfanya asite. Ataulizwa kwa adabu kabisa: “Papa, unatumikaka wapi?” Kwake yeye, kinachotumika ni kitu: kisu, barabara, lugha, feza. Mtu hatumiki, mtu anafanya kazi. Lakini kuanzia Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, kutumika ndiyo kazi yenyewe, na hasa kazi ya mshahara. Ile “ka” ya mwisho inaonyesha jambo la mazoea. Anayeuliza hataki kujua leo unafanya nini. Anataka kujua ni wapi unakwenda kila asubuhi.

Waingereza wana kitenzi chao kimoja, work, na wanakibebesha karibu kila kitu: mtu yuko kazini, mashine ni nzima, dawa imeponya, mpango umefaulu. Kiswahili cha Kolwezi kinagawanya. Mashine nzima inatembea. Mama wa sokoni anauzisha. Wa shambani analima. Kijana wa shimoni anachimba. Anayetumika ni yule mwenye mkubwa wa kazi, mwenye namba kwenye kitabu cha kampuni na siku ya kulipwa. Wengine wote wanatoka jasho sawa na yeye, pengine kumzidi, lakini swali la “unatumikaka wapi?” haliwahusu. Mgawanyo huo umekaa zaidi ya miaka mia moja, na bado unaamua mambo makubwa.

Kutumika kumetoka kwenye kutuma. Kwenye shina hilohilo wamekaa pamoja mtume, mtumishi na mtumwa, majirani wasiofanana kabisa. Kwa asili ya neno, anayetumika ni mtu aliyetumwa akaenda. Hata pwani, zamani, mtu aliweza kutumika kwa tajiri, maana yake kuwa katika utumishi wake. Huko maana hiyo ilififia. Katanga ilibaki, ikanenepa.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimefika mapema, pamoja na misafara ya pembe na shaba iliyokwenda Bunkeya kwa mfalme Msiri, aliyeuawa Desemba 1891. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka Rodezia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka upande huo wa kusini, kwa mikataba mifupi, na amri kazini zilitolewa kwa lugha ya mchanganyiko iliyotoka kwenye migodi ya Afrika Kusini. Mfanyakazi alikuja, akatumwa, akarudi kwao.

Kuanzia mwaka 1927 na 1928 kampuni ilibadili mpango. Iliwaleta watu kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, ikawataka waje na wake zao na wakae. Ikajenga kampi, mahospitali na masomo. Kiswahili kikawa lugha ya kampi. Kolwezi yenyewe ilizaliwa katika mpango huo, mwaka 1937, kama makao ya migodi ya upande wa magharibi: Musonoi, Ruwe, na baadaye Kamoto.

Ndipo kitenzi kikajaa mali. Aliyetumika alipata nyumba ya kampi. Alipata posho, yaani bunga na chakula kingine kilichogawiwa familia yake kwa hesabu ya wake na watoto. Mtoto wake alisoma kwenye shule ya kampuni, mke wake alizaa kwenye hospitali ya kampuni. Vyote hivyo vilining'inia kwenye neno moja. Aliyeacha kutumika, kwa uzee au kwa kufukuzwa, aliacha na nyumba. Ndiyo sababu swali la “unatumikaka wapi?” lilikuwa pia njia ya kuuliza unalala wapi, unakula nini, watoto wako wanasoma wapi. Wakwe wa Kolwezi hawakuuliza mengine mengi.

Neno hilo lilikuwa na upande wake mchungu. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma wakidai mshahara, askari waliwafyatulia risasi Elisabethville. Kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa. Na mwaka 1965, katika mji huohuo, André Yav aliandika kitabu kidogo kwa ajili ya chama cha maboyi, wale waliotumika majumbani mwa wazungu. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina linaahidi orodha ya maneno, lakini ndani ni historia ya mji mzima, imeandikwa kwa Kiswahili cha mji na mtu wa upande wa watumishi. Vitabu vya namna hiyo ni vichache mno Afrika nzima, na inasikitisha kwamba wasomi wa ng'ambo wanakijua kuliko vijana wa Lualaba.

Kolwezi nayo ina ukurasa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa Ruwe kati ya wafanyakazi wa migodi, na hapo ikazaliwa Jamaa, kundi la ndoa za Kikatoliki lililoenea Katanga yote na kuvuka mipaka yake. Mafundisho ya Jamaa yalitolewa kwa Kiswahili cha kampi. Mtaalamu Johannes Fabian alikuja kuwasikiliza katika miaka ya 1960, na mwaka 1973 akatoa makala nzima juu ya neno kazi kama walivyolielewa wafanyakazi hao. Mtu mzima kupanda ndege na kuja kusoma neno moja kunaweza kuchekesha. Lakini alikuwa ameona kweli: watu wa migodini walikuwa wanafikiri kuhusu maisha yao kwa kutumia maneno ya kazini.

Mwaka 1967 serikali ilichukua kampuni, na baada ya kubadilishiwa majina ikawa Gécamines. Kitenzi hakikushtuka. Aliyekuwa anatumikaka Union Minière alitumikaka Gécamines, nyumba ileile, posho ileile. Hata vita vya 1978, vilivyoingia Kolwezi mwezi wa Mei na kuwakimbiza wengi, havikulivunja neno. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba.

Halafu ikaanguka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Feza za kutengeneza mashine zilikuwa zimeliwa mahali pengine kwa miaka mingi. Katika fujo za 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakiwamo watu waliozaliwa palepale kampini. Zilikaa kwenye stesheni za reli zikingoja treni. Ugomvi ule ulikuwa wa kisiasa, lakini chini yake lilikuwepo swali letu hilihili: nani anatumika, na nani anakaa nje akimtazama. Kufikia mwaka 2003 shaba ya Gécamines haikufika hata tani 20,000 kwa mwaka.

Katika miaka hiyo neno lilifanya jambo la ajabu. Watu waliendelea kutumika bila kulipwa. Papa alivaa kofia yake, akaenda, akarudi mikono mitupu, mwezi baada ya mwezi, na nyumbani bado walisema “papa anatumikaka Gécamines.” Mama ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuzisha makala, bunga au mboga, na hakuna aliyesema mama anatumika. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika juu ya familia hizo kitabu kilichotoka mwaka 2001. Aliwaita bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba mwenyewe ni kampuni.

Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa feza za mwisho na kuondoka. Mpango uliitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wao wamelalamika tangu hapo kwamba kilichotolewa hakikulingana na miaka yao, na neno hiari, kwa mtu ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi na miezi, lilikuwa kubwa kupita kiasi.

Watoto wao walikwenda mashimoni. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, kuchimba kwa mikono kulienea Kolwezi, kwanza kwa shaba, kisha zaidi kwa kobalti. Kwa Kifaransa waliitwa creuseurs, na Kiswahili cha mji kikalichukua jina hivyohivyo, ba creuseurs. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, na watu wakachimba ndani ya viwanja vyao, wengine ndani ya vyumba. Pesa zilipatikana, siku nyingine nyingi kuliko mshahara wa papa wa zamani. Hata hivyo mchimbaji akiulizwa “unatumikaka wapi?” mara nyingi hujibu: “Mi nachimbaka tu.” Hiyo “tu” ina uzito kuliko gunia.

Sheria za nchi zinasema kama kitenzi kinavyosema. Mwaka 2002 Kongo ilipata sheria mbili. Ya madini ilitoka Julai 11, ya kazi ikafuata Oktoba 16. Sheria ya kazi inamtambua mfanyakazi kama mtu aliye chini ya uongozi na mamlaka ya mwajiri, kwa malipo, yaani yule anayetumika. Mchimbaji wa mikono yuko kwenye sheria nyingine, ile ya madini: awe Mkongomani mtu mzima, awe na karata, achimbe kwenye eneo lililotengwa. Marekebisho ya Machi 2018 yakaongeza kwamba lazima awe kwenye kooperative. Maeneo yaliyotengwa ni machache na mengi hayana madini mazuri, kwa hiyo maelfu wanachimba nje yake, na huko hawamo kwenye sheria yoyote inayowalinda. Juni 27, 2019, ukingo wa mgodi uliporomoka kwenye eneo la kampuni ya KCC, karibu kabisa na mji, ukaua zaidi ya watu 35. Kampuni iliwaita wachimbaji haramu. Msibani, ndugu zao waliwalilia kama watu waliofia kazini.

Kwa familia zinazohamishwa, jambo hili si la vitabuni. Migodi iliyokuwa imelala imeamka, na inapanuka kuelekea majumbani. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilihamishwa na kuzungushiwa ukuta. Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH la Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa nguvu au bila malipo ya haki kuzunguka mji, na Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya waliotumika, ulikuwemo kwa sababu ya mgodi wa COMMUS. Sheria ndogo ya madini ya Juni 2018 ina kiambatisho kizima kuhusu malipo na kuhamishwa kwa wakaaji. Kabla ya kuhamishwa kuna kuhesabiwa: anapita mtu na karatasi za Kifaransa, anaandika nyumba, miti, na kazi ya kila mkaaji.

Hapo ndipo kitenzi kinaweza kuuma. Karatasi inauliza profession. Mwenye kalamu akiigeuza kwa Kiswahili cha mji, inatoka ileile: “Mama, unatumikaka wapi?” Na mama ambaye kwa miaka ishirini ameuzisha makala kwenye njia panda, mwenye wateja wanaomjua kwa jina na bustani nyuma ya nyumba, anajibu kwa ukweli wa lugha yake: “Mi niko tu pa nyumba.” Kalamu inaandika hana kazi. Kilichoandikwa hivyo ni vigumu kukidai baadaye, kwa sababu ukihamishwa kilomita nyingi kutoka kwenye njia panda ile, kitakachopotea hakimo kwenye karatasi. Mchimbaji anayesema “nachimbaka tu” yuko hatarini vilevile, na papa aliyeondoka mwaka 2003 ambaye leo anatengeneza baiskeli mbele ya mlango wake pia.

Swali linaweza kuulizwa kwa njia nyingine, na mkaaji ana haki ya kulijibu kana kwamba limeulizwa hivyo. Kwa mfano: “Hapa nyumbani munakulaka kwa njia gani?” Mama yuleyule akiulizwa hivyo hanyamazi. Anahesabu: makala, magunia mangapi kwa juma na bei yake, sombe na lengalenga za bustanini, anauzisha siku gani, chumba cha nyuma kimepangishwa kwa nani, kwa franka ngapi, mtoto wa kwanza anachimba, anarudisha nini. Jibu hilo linajaza karatasi mpaka pembeni. Kabla ya kutia sahihi au kidole, aombe lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya jirani anayejua Kifaransa, na abaki na nakala.