Stetoskopu na Swali la Usikivu katika Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Historia ya tiba katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, imeelezwa zaidi kwa kuzingatia dawa na majengo. Sehemu hii inachunguza jambo lililopewa uzito mdogo: sikio la tabibu.

David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora kati ya Februari na Agosti 1872, alikuwa tabibu kabla ya kusifika kwa safari. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 anaeleza kuwa mtihani wake wa udaktari mjini Glasgow, mwaka 1840, ulikuwa mrefu na mkali kuliko kawaida kwa sababu yeye na watahini walitofautiana kuhusu uwezo wa stetoskopu. Ni rahisi kukichukulia kisa hiki kama kichekesho cha wazee waliokataa kifaa kipya. Kwa maoni yangu, shaka yao ilikuwa na msingi. René Laennec, aliyebuni kifaa hicho Paris mwaka 1816, aliisikia vyema sauti ya pili ya moyo lakini akaifasiri vibaya, akidhani inatokana na kusinyaa kwa vyumba vya juu. Ni tasnifu ya Joseph Rouanet, ya mwaka 1832, iliyozihusisha sauti zote mbili na kujifunga kwa vali. Kusikia kulitangulia kuelewa.

Ugumu huo ungalipo. Mvumo unaoanza na sauti ya kwanza, ukaendelea hadi ya pili na kusambaa kuelekea kwapa la kushoto, huashiria vali ya mitrali inayovuja. Ngurumo nzito inayofuata sauti ya pili, isikikayo vizuri mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto, huashiria kuwa vali hiyohiyo imekuwa nyembamba, mara nyingi kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Hata hivyo, upungufu wa damu, homa na ujauzito huweza kuleta mvumo katika moyo usio na kasoro.

Kaskazini mwa Kwihara, huko Puge, takribani katikati ya barabara ya Tabora na Nzega, tofauti hiyo ina gharama. Mvumo ukifasiriwa vibaya, mjamzito mzima husafirishwa zaidi ya kilomita 50 bure, au mtoto mwenye vali mbovu hubakizwa nyumbani. Upasuaji wa vali hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mgonjwa huelekea pwani, kama walivyoelekea wapagazi wa pembe. Kwa hiyo, mtafiti wa kumbukumbu za zahanati asiishie kuuliza stetoskopu ilifika lini, bali aulize pia ni nani aliyefundishwa kuisikiliza, na ni nani aliyemsahihisha.