Ukumbi Uliojaa Majemadari

Tarehe 30 Agosti 2016 kampuni ya Blizzard ilifungua sehemu mpya ya World of Warcraft iitwayo Legion. Mchezaji aliyekuwa paladini, yaani askari wa nuru, alipokelewa na msiba: jemadari mkuu Tirion Fordring ameuawa na mashetani. Muda si muda mchezaji huyo akaingizwa katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Light's Hope, mashujaa wa kundi la Silver Hand wakamzunguka, wakamtangaza kuwa ndiye Highlord, mrithi wa marehemu. Akaonyeshwa ramani ya vita, akaambiwa awapange wapiganaji wake.

Kisha akageuka, akaona ukumbi umejaa paladini wenzake. Hawa hawakuwa vikaragosi vya kompyuta. Walikuwa watu, kila mmoja amekaa mbele ya skrini yake, na kila mmoja ametoka kutawazwa. Wengi walibeba mgongoni Ashbringer, upanga ambao hadithi inasema uko mmoja tu. Askari waliokuwa wamemsalimu yeye kwa heshima walimwita Highlord kila aliyepita mlangoni.

Atakayezunguka leo katika michezo mikubwa ya mtandaoni atakutana na jambo hilohilo mara kwa mara. Huyu anaitwa Kamanda, yule Mkuu wa Muungano, na wa tatu amekalia kiti cha baraza kuu la dola. Hakuna anayebaki kuwa askari wa kawaida. Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko ya kompyuta yenyewe.

Babu wa michezo hii ni Kriegsspiel, mchezo wa vita wa Prussia. Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz aliuonyesha kwa wakuu wa jeshi, nao wakaupenda, ukaanza kutumika kuwafunza maofisa. Hapo mchezaji alikuwa jemadari kwa sababu nafasi nyingine haikuwapo. Vipande vilivyosogezwa juu ya ramani vilikuwa vikosi, na kikosi cha namna hiyo hakina jina wala mama.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1969, David Wesely wa jimbo la Minnesota, Marekani, aliwaalika wenzake kucheza vita vya zama za Napoleon. Badala ya kuwagawia majeshi, alimpa kila mmoja mtu wa kumwigiza katika mji wa kubuni uitwao Braunstein: huyu meya, yule mwanafunzi. Jemadari akashuka farasi, akawa mtu. Mmoja wa waliokuwa wakicheza na Wesely, Dave Arneson, alishirikiana na Gary Gygax, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza. Humo mchezaji alianza akiwa si lolote si chochote. Mpiganaji aliyefika daraja la tisa ndiye aliyeitwa Lord, akaruhusiwa kujenga ngome na kukusanya watu. Cheo kilikuwa mwisho wa safari ya miezi mingi, na wenzake wa mezani walikuwa mashahidi wa kila hatua.

Kompyuta ilipokuja, njia iligawanyika kuwa mbili. Katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, Roy Trubshaw na Richard Bartle walitengeneza MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambao watu wengi waliweza kuingia kwa pamoja. Aliyemaliza madaraja yote alifanywa mchawi, na uchawi huo ulikuwa na nguvu za kweli juu ya wachezaji wengine, hata kumtoa mtu mchezoni. Njia ya pili ilikuwa ya mtu mmoja na mashine yake. Mwaka 1985 Richard Garriott alitoa Ultima IV, ambamo mchezaji anajifunza fadhila nane hadi anakuwa Avatar, mfano wa kuigwa na taifa zima. Kompyuta moja, mchezaji mmoja, Avatar mmoja. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Ilivurugika mwaka 1997, Garriott alipoupeleka ulimwengu huohuo mtandaoni kwa jina la Ultima Online. Avatar hawezi kuwa maelfu, kwa hiyo watu waliingia wakiwa washona nguo, wachimba madini, wavuvi na wezi. Mfalme, Lord British, alikuwa Garriott mwenyewe. Agosti mwaka huo, wakati wa majaribio, mfalme alipokuwa akiwahutubia raia, mchezaji aliyejiita Rainz aliwasha moto wa kichawi miguuni pake. Mfalme akafa hapohapo, mbele ya umati. Kwangu mimi ile ndiyo siku michezo ya mtandaoni ilipotangaza tabia yake: humu ndani mkubwa ni mkubwa kwa ridhaa ya waliomzunguka.

Waliolielewa hilo kuliko wote ni Wakorea. Lineage ya kampuni ya NCsoft ilitoka mwaka 1998, na sheria yake moja inastahili kukumbukwa. Ni mwana wa mfalme peke yake, au binti mfalme, aliyeweza kuunda ukoo na kuuongoza kwenda kuzingira ngome. Na mtu huyo alikuwa dhaifu vitani. Aliyechagua kuongoza alijua tangu siku ya kwanza kwamba atapigwa na kila mtu, na kwamba bila wapiganaji na wachawi waliokubali kusimama mbele yake hana kitu. Ilimbidi awabembeleze, awagawie nyara kwa haki, asuluhishe ugomvi wao. Wengi walichezea katika vibanda vya intaneti, bega kwa bega, kwa hiyo mwana wa mfalme mchoyo alisikia manung'uniko kwa masikio yake. Akiteka ngome, alipanga kodi ya maduka, na kila mnunuzi aliilipa.

Mchezo uliofuata, Lineage II, ulionyesha kodi hiyo inaweza kufika wapi. Katika seva iitwayo Bartz, ukoo wa Dragon Knights ulishika ngome, ukapandisha kodi, ukayazuia mawindo mazuri. Mwaka 2004 watu wakaasi. Wachezaji wanyonge, na wengine kutoka seva nyingine waliounda wahusika wapya kabisa ili waje kusaidia, walijitupa vitani bila silaha wala mavazi ya maana, hata wakaitwa jeshi la nguo za ndani. Walikufa kwa mafungu, wakafufuka, wakarudi. Hakuna mwandishi wa kampuni aliyewatungia kisa hicho. Dhalimu alikuwa mtu, na waliomchoka walikuwa watu.

Marekani nako walijaribu. Star Wars Galaxies ya mwaka 2003, chini ya msanifu Raph Koster, iliwaruhusu wachezaji kujenga miji na kumpigia kura meya. Mpishi alikuwa mtu wa maana, na fundi wa silaha alijulikana sayari nzima. Jedi walikuwa wachache mno, kwa sababu njia ya kuwafikia ilikuwa ya siri na ngumu. Lakini wenye mali waliona watu wanataka kuwa Luke Skywalker, nani atake kuwa jirani yake? Novemba 2005 mchezo ukafumuliwa, na Jedi akawekwa miongoni mwa kazi ambazo mtu anaweza kuzichagua dakika ya kwanza. Wakazi wengi wa zamani walihama, na miji waliyoijenga kwa mikono yao ikabaki mahame. Seva zilizimwa tarehe 15 Desemba 2011.

Siku tano tu baadaye ikazinduliwa Star Wars: The Old Republic, na humo ndimo sababu za ugonjwa huu wa kila mtu kuwa mkuu zinapoonekana wazi kuliko mahali pengine. Ya kwanza ni sauti. Watengenezaji wake, BioWare, waliwarekodi waigizaji zaidi ya mistari 200,000 ya mazungumzo. Mwigizaji hawezi kutamka jina ambalo mteja atajitungia miaka mitatu baada ya studio kufungwa, basi amwiteje? Cheo ndiyo njia nyepesi, kwa sababu cheo kinaweza kurekodiwa mara moja na kumfaa kila mtu. Ya pili ni uandishi. Waandishi hawa walitoka kwenye michezo ya mtu mmoja, ambako hadithi yote inamzunguka yeye, nao wakaja na mkono uleule. Mchezaji wa upande wa Sith anaweza kuanza akiwa mtumwa na kumaliza akiwa kwenye Baraza la Giza, ambalo lina viti 12. Maelfu walikaa kwenye kiti kimoja, kila mmoja peke yake.

Ya tatu ni pesa. World of Warcraft ilitoza karibu dola 15 kwa mwezi, na Oktoba 2010 ilitangaza wanachama milioni 12. Mfumo wa Lineage unamaanisha kiongozi mmoja kwa wafuasi wengi, na hao wafuasi nao wanalipa ada ileile. Kampuni ikajiuliza kwa nini mteja alipie uongozi wa mwenzake. Ufundi nao ukawa tayari: tangu mwaka 2008 mchezo huo uliweza kumwonyesha kila mtu ulimwengu kulingana na alipofikia, ukamwonyesha huyu kijiji kikiungua na yule kijiji hichohicho kimejengwa upya. Mwaka 2014 kila mchezaji akapewa kambi yake na wafuasi wa kompyuta wa kuwatuma kazini, akaitwa Kamanda. Miaka miwili baadaye wakaja akina Highlord.

Wachezaji wenyewe hawakuwa wasio na hatia. Guild Wars 2 ya mwaka 2012 ilimweka mhusika wa kompyuta, Trahearne, awe mkuu wa jeshi, na mchezaji awe kamanda chini yake. Watu walilalamika kwa uchungu kwamba hadithi yao imeporwa. Mwaka 2015 Trahearne akafa.

Huwa nawaza ngoma ya beni ya pwani yetu, iliyozuka Lamu na Mombasa kwenye miaka ya 1890 na kuenea bara. Makundi yake hasimu, Marini na Arinoti, nayo yalijipa vyeo vikubwa, wafalme na majenerali, kwa majina yaliyochukuliwa kwa Wazungu. Ulikuwa mchezo, na kila mtu alijua. Lakini mfalme wa beni alikuwa na watu nyuma yake: waliochanga, walioshona sare, waliopiga tarumbeta, na waliokuwa tayari kuaibika naye wakishindwa na mahasimu. Cheo cha kuigiza kilibeba kazi ya kweli. Hicho ndicho ninachokililia katika michezo ya leo. Mteja amepewa cheo, na waliotakiwa kumfuata wamepewa hichohicho.

Mahali pengine kazi hiyo ipo bado. EVE Online ya Iceland, iliyoanza mwaka 2003, haimpi mtu cheo chochote katika hadithi. Miungano yake inaongozwa na watu wanaopanga zamu, wanaotunza hazina, na wanaokosea. Januari 2014 muungano mmoja haukulipia ada ya mfumo wa nyota wa B-R5RB. Maadui wakaingia, vita vikadumu zaidi ya saa 21, na meli kubwa 75 za aina ya Titan zikateketea, mali iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola 300,000. Bili moja isiyolipwa, na maelfu wakaamshwa usingizini kwenda kupigana.

Hata katika World of Warcraft uongozi haukufa. Wiki tatu baada ya msiba wa Tirion, milango ya Emerald Nightmare, uwanja wa mapambano ya pamoja, ilifunguliwa. Kiwango chake kigumu kabisa kilitaka watu 20, na wote waliofika mlangoni walikuwa wakuu: Highlord, mkuu wa wachawi, mkuu wa waganga. Kabla hawajaingia, mmoja wao hukagua nani hana dawa, nani mtandao wake unasumbua, nani ametoka kufiwa na hana moyo usiku huu. Huweka alama ya fuvu juu ya adui wa kwanza, na wengine wote hulielekea fuvu. Hadithi haimtambui kwa hayo. Mchezo umemwekea taji dogo la dhahabu pembeni mwa picha yake, na akichoka anaweza kumpa mwingine.