Kufunga kizazi: Kikato kidogo, uamuzi wa kudumu

Barabara itokayo Meru kwenda Embu hupita karibu na Chogoria, iliyo katika kaunti ya Tharaka Nithi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Meru. Hospitali ya misheni iliyoasisiwa hapo mwaka wa 1922 na Dkt Archibald Irvine wa Scotland, ambayo sasa ni ya kanisa la PCEA, ilivuma miaka ya 1980 kwa huduma za upangaji uzazi. Idadi ya wanawake waliozitumia ilizidi kwa mbali wastani wa taifa.

Miongoni mwa huduma za aina hiyo ni kufunga kizazi kwa upasuaji mdogo uitwao minilaparotomia. Mwanamke hupigwa sindano ya ganzi, naye huwa macho. Daktari hukata sentimita 2 hadi 5 juu kidogo ya kinena, kisha huinua mji wa mimba kwa chombo kilichopitishwa ukeni ili mirija ya uzazi ikaribie kikato. Kila mrija hufungwa kwa uzi na kukatwa. Kwa mama aliyejifungua katika siku 7 zilizopita, kikato huwa chini ya kitovu, kwa kuwa mji wa mimba bado uko juu.

Laparoskopi, aliyoijaribu kwa binadamu Hans Christian Jacobaeus wa Uswidi mwaka wa 1910, huacha kovu dogo zaidi. Tumbo hujazwa gesi, na daktari hutazama ndani kwa mrija wenye taa. Njia hii pia hutibu uvimbe wa ovari na mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hata hivyo, mitambo yake ni ghali na huhitaji mtaalamu. Minilaparotomia huhitaji vifaa vichache, na kwa hospitali za mashambani hilo si jambo dogo.

Wengi huuliza kuhusu kovu. Heri waulize kwanza kama wangali wanataka mtoto, kwani kurejesha mirija ni vigumu na mara nyingi haiwezekani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), idhini ya mume si sharti. Uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe.

Hedhi huendelea, na kinga dhidi ya Ukimwi haipatikani. Katika wanawake 1,000, takriban 5 hushika mimba mwaka wa kwanza. Aliyefungwa kizazi akikosa hedhi na kuumwa tumbo, aende hospitalini mara moja: huenda mimba imetunga mrijani.