Chuo cha Leta ao cha dini? Tuhesabu mpaka mwisho



Kila mara matokeo ya egzameni ya Leta yakishatoka, swali ni lile lile huku Baraka na Fizi: mtoto amepata diploma, sasa tumpeleke wapi? Wengine wanasema chuo cha Leta, kwani malipo yake ni nafuu. Wengine wanataka cha watu wa dini, kwani kina jina. Kabla ya mkutano kugawa feza za mfuko wa masomo, tukumbushane tulikotoka.

Chuo kikuu cha kwanza cha inchi yetu hakikuwa cha Leta. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, mikononi mwa Wakatoliki. Cha Leta kilifuata Elisabethville mwaka 1956, na Waprotestanti wakaanza chao Stanleyville mwaka 1963. Mwaka 1971 Mobutu akavikusanya vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA. Wakati ule Leta ilitoa burse, na mwanafunzi aliweza kupata chakula na kitanda. Hakukuwa na haja ya kuchagua kati ya jina na bei. Shida ilikuwa nafasi, na umbali: kutoka Fizi mpaka Kinshasa, Lubumbashi ao Kisangani ilikuwa safari ya wachache.

UNAZA ikagawanywa tena mwaka 1981. Uchumi ulipoanguka, Leta ikafungulia wengine mlango. Bukavu, iliyokuwa na vyuo kama ISP na ISDR, ikapata vyuo vikuu vitatu ndani ya miaka michache: cha Wakatoliki, UCB, mwaka 1989, cha Waprotestanti, UEA, mwaka 1991, na mwaka 1993 tawi la Kisangani, ambalo leo ni chuo cha Leta, UOB. Masomo yakasogea karibu na sisi. Lakini miaka hiyo hiyo burse zikafa, na wazazi wakaanza kubeba mzigo hata katika vyuo vya Leta. Tangu hapo, kusema «ya Leta» si kusema «ya bure».

Halafu vita vya 1996 vikatuvusha ziwa. Nyarugusu na Lugufu watoto wetu walisoma programu ya Kongo mpaka sekondari, na wengi wakaishia hapo. Kulikuwa na burse ya DAFI, inayolipwa na Ujerumani tangu 1992, lakini ilikuwa ya wachache sana. Meli za kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka zilipoanza mwezi wa 10 mwaka 2005, tulishuka na vyombo na watoto, si na akiba.

Ndiyo maana kwetu hesabu ya minervali peke yake haitoshi. Mtoto wa Baraka anayesoma Bukavu anapita kwanza karibu kilometa 90 mpaka Uvira, kisha bonde la Ruzizi na milima. Anapanga chumba, anakula, anachapisha kazi ya mwisho. Chuo cha Leta kinaweza kuwa nafuu siku ya kuandikishwa, lakini walimu wakigoma mwaka unarefuka, na kodi ya chumba haigomi. Chuo cha binafsi kinaweza kuwa ghali zaidi na kikamaliza kwa wakati. Tena si kila cha binafsi kina uzito ule wa UCB ao UEA. Tangu mlango ufunguliwe vimeota vingi, na mzazi ana haki ya kuonyeshwa kibali cha Leta kabla ya kutoa hata franga moja.

Na jina je? Daktari Mukwege, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2018, alisomea udaktari Bujumbura, chuo cha serikali ya Burundi. Leo hospitali ya Panzi aliyoianzisha inafundisha wanafunzi wa UEA, chuo cha binafsi. Mgonjwa anayefika Panzi haulizi karatasi ya daktari ilitoka kwa nani. Anauliza kama atapona.

Basi tunapendekeza hivi. Mfuko wetu usianzishe watoto 3 kwa feza za mwaka mmoja. Uchukue 1 na kumfikisha mwisho, chuo cha Leta ao cha dini, kufuatana na fani anayoitaka na hesabu ya miaka yote. Wale 2 watakaongoja wataumia, tunajua, na wazazi wao ni wanachama kama sisi. Lakini anayekatika katikati hana karatasi ya Leta wala ya kanisa, na nyavu alizouza baba yake hazirudi. Wafadhili wetu, ahadi ndogo ya miaka yote itatusaidia kuliko zawadi kubwa ya mara moja. Wanachama, njoni mkutanoni na hesabu zenu zimeandikwa.