Kura ya komini: nani alihesabika kuwa mtu wa Rumonge?

Kwenye mazungumzo yetu ya juzi kaka mmoja alitupa swali moja, watu wakacheka. Aliuliza hivi: "Nikirudi Rumonge, kura ya komini naruhusiwa kupiga?" Waliocheka walidhani anaota urais. Lakini yeye alisema komini, hakusema rais. Tulipokaa tukafikiri, tukaona swali lake ni zito kuliko yote tuliyoongea siku ile, na kwamba lina historia ndefu kwenye ule mwambao wetu wa Tanganyika.

Hapa Nyarugusu tunapenda siasa za wakubwa. Mtu anakutajia marais wote wa Burundi toka Micombero, mwaka kwa mwaka. Muulize mkuu wa kolini yao ni nani sasa hivi, ananyamaza. Wakati ukirudi nyumbani na kukuta mtu mwingine anavuna michikichi ya babu yako, rais hatakuja kuonyesha mpaka ulikuwa wapi. Anayeitwa ni mkuu wa kolini na wale wazee wake, halafu inapanda komini. Kwa hiyo tuliona tuandike kuhusu kura hii ndogo.

Masharti yenyewe ni mafupi. Uwe Mrundi. Uwe umetimiza miaka 18. Mahakama isiwe imekunyang'anya haki zako za kiraia. Na jina lako liwe kwenye daftari la wapiga kura la pale unapoishi. Basi. Siku ya kura unaenda kwenye kituo ulichoandikishwa, siyo kingine, na karangamuntu yako na kadi ya kupigia kura, ukimaliza unachovya kidole kwenye wino. Ukiyasoma haraka unaona ni rahisi. Ila mwambao wote wa Rumonge mpaka Nyanza-Lac umejaa watu waliokwama kwenye sharti la kwanza au la mwisho.

Tuanze na mwaka 1960. Wabelgiji bado wanatawala, na uchaguzi wa kwanza kabisa unaoitishwa ni wa komini, kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa Desemba. Wanawake hawakupiga kura ile. Haki yao ilikuja mwaka uliofuata, Agosti 1961. Na Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyekuwa roho ya chama cha UPRONA, Wabelgiji walimweka kizuizini nyumbani huko Bururi, milimani juu ya Rumonge, mpaka kura zikaisha. Chama cha PDC kikashika nafasi ya kwanza, UPRONA kikabaki nyuma. Kumbukeni kwamba Rwagasore alikuwa na marafiki wengi kati ya wafanyabiashara Waswahili wa Buyenzi, Bujumbura, watu wa dini na lugha moja na Waswahili wa Rumonge. Tarehe 18 Septemba 1961, yeye akiwa huru na wanawake wakiwa kwenye foleni, UPRONA ilichukua viti 58 kati ya 64 vya bunge. Hata mwezi haukuisha. Tarehe 13 Oktoba akauawa.

Mkoloni alianza na komini kwa sababu alijua kwamba anayeshika komini anashika watu. Serikali zilizokuja baadaye nazo zilijua hivyo hivyo. Kwa miaka mingi wakuu wa komini waliteuliwa kutoka juu, na mwananchi aliletewa tu mkuu mpya kama anavyoletewa mvua. Hata mwaka 1993, ule mwaka wa Ndadaye, watu walichagua rais tarehe 1 Juni na wabunge mwishoni mwa mwezi. Komini ilibaki kungoja.

Katikati ya hapo kuna 1972, na hili tulitaje bila kuzungukazunguka. Mapigano yalianzia kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, tarehe 29 Aprili. Waasi waliua Watutsi, halafu jeshi na vijana wa chama wakaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Watu wa mwambao walivuka ziwa au walitembea mpaka Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yaligawiwa wengine, na mengine yakaingia kwenye miradi ya serikali ya mawese. Kwa hiyo mtu alipoteza shamba, akapoteza na majirani waliokuwa wanaweza kusema "huyu ni wa hapa". Hao majirani ndio walikuwa daftari lake.

Ndipo ikaja 2005, baada ya Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000. Tarehe 3 Juni watu walichagua mabaraza ya komini, na tarehe 23 Septemba wakachagua mabaraza ya kolini. Tofauti yake ni hii, na wengi wetu tunazichanganya. Kwenye komini unachagua orodha, ya chama au ya watu huru, siyo jina la mtu mmoja. Baraza likishapatikana ndilo lililomchagua mkuu wa komini kati ya wajumbe wake. Na Arusha ilikuwa imeweka kwamba, ukihesabu nchi nzima, kabila moja lisipite asilimia 67 ya wakuu wa komini. Kwenye kolini hakuna chama. Watu wanasimama kwa majina yao, wanachaguliwa watano, na mwenye kura nyingi kuliko wote ndiye mkuu wa kolini. Wakati ule wale watano ndio waliokaa chini ya mti, pamoja na wazee, kusikiliza kesi za mashamba.

Hebu tusimame kidogo kwenye namna ya kupiga kura, maana vijana waliozaliwa kambini hawajawahi kuiona. Mwaka 2010 mpiga kura alipewa karatasi nyingi, kila orodha na karatasi yake, pamoja na bahasha mbili. Ile uliyoichagua unaitia kwenye bahasha nyeupe, zilizobaki zote kwenye bahasha nyeusi, kisha kila bahasha inaingia kwenye sanduku lake. Mtoto atauliza: kwa nini usitupe zilizobaki, au usiende nazo nyumbani? Fikirini. Ukitoka na makaratasi mfukoni, mtu yeyote mwenye nguvu huko nje anaweza kukwambia "toa nione umebaki na zipi", na hapo siri yako imekwisha. Sisi bahasha nyeusi tunaiheshimu kuliko nyeupe.

Miaka hiyo hiyo wakimbizi wa 1972 walikuwa wanaulizwa swali kubwa: mnarudi, au mnakuwa Watanzania? Wengi walichagua Tanzania, na zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa uraia. Wengine walirudi, na wengi wao walielekea kule kule mwambaoni, Rumonge na Nyanza-Lac, wakakuta nyumba za watu kwenye viwanja vyao. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoanzishwa 2006, ilijaa kesi za namna hiyo. Kuna waliopelekwa kwenye vijiji vipya kwa sababu hawakukumbuka kolini yao ni ipi, au waliikumbuka na hapakuwa na nafasi.

Halafu 2015, mwaka wetu. Uandikishaji wa wapiga kura ulifanyika mwishoni mwa 2014. Watu walipanga foleni, wakatoa majina. Machi 2015 Rumonge ikafanywa mkoa, wa 18 nchini, na mjini watu walifurahi kwamba sasa tuna gavana wetu. Mwezi mmoja baadaye maandamano yalianza Bujumbura. Kufika Mei, familia nyingi kutoka kusini zilikuwa Kagunga, kile kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, hakuna barabara, kipindupindu kimeingia. Meli ya Liemba, ile ya enzi za Mjerumani, ilikuwa inakuja kutuchukua kwenda Kigoma, watu wanapelekwa kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwake. Tarehe 29 Juni ilipigwa kura ya komini na ya bunge. Majina yetu, au ya wazazi wetu, yalikuwa kwenye daftari kule. Sisi wenyewe tulikuwa tunapanga foleni ya mahema.

Na tazameni mwaka unavyocheza na watu: Oktoba 25 mwaka huo huo, huko Katumba na Mishamo, wajukuu wa Rumonge ya 1972 walipiga kura ya Tanzania, wakiwa raia. Ziwa moja, ukoo pengine mmoja, mwaka mmoja.

Sasa turudi kwa kaka yetu. Akiwa huku kambini, kura ya komini hawezi. Sheria inamfikiria Mrundi aliye nje kwenye kura ya rais na kura ya maoni, kupitia ubalozi, na mkimbizi kwenda kujipanga ubalozini ni mambo mawili yasiyokaa pamoja, hilo hatuna haja ya kulieleza. Komini ni ya aliyeko. Akirudi, sharti la kwanza ni karangamuntu. Na hapo swali linalofuata ni la baba. Sheria ya uraia ya mwaka 2000 inampa mtoto uraia wa baba. Mwambaoni watu wameoana na Wabembe wa ng'ambo na watu wa Ujiji toka zamani sana. Mama Mrundi, baba Mkongo, mtoto amezaliwa Rumonge, anaongea Kirundi na Kiswahili, anavua ndagala na wenzake, siku ya kura anaambiwa yeye ni mgeni. Sheria hii sisi hatuikubali moyoni, lakini ndiyo iliyopo, ni bora uijue kabla hujafika dirishani.

Kwa wahudumu wa mashirika mnaotusoma: mnapotusaidia karatasi za kurudi, tunaomba muangalie majina ya mahali. Burundi sasa ina mikoa 5, siyo 18, na komini 42 badala ya 119, na uchaguzi wa 5 Juni 2025 ulifanyika kwa ramani hiyo mpya. Rumonge imebaki komini ndani ya mkoa wa Burunga. Ule mkoa wa Rumonge ulioandikwa kwenye fomu zetu nyingi uliishi kama miaka kumi tu. Andikeni na kolini, tafadhali, na jina la baba na la mama.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa Rumonge, ana mfuko wa nailoni anaoufunga mara tatu. Ndani kuna kadi ya chanjo ya binti yake, picha mbili, na kikaratasi alichopewa siku aliyojiandikisha kupiga kura mwaka 2014. Wino umefifia, ila jina la kolini bado linasomeka. Tulimwomba tukipige picha. Alikataa, akasema kwanza tumwambie kitatumika wapi.