Makaburi ya Wageni: Kumbukumbu za Bukoba na Muleba

Mgeni aingiapo katika mji asioujua hutafuta kwanza mambo mawili: mahali pa kula, na mahali pa kuketi bila ya kulipa. Bukoba humpa la pili upesi. Mjini humo mna uwanja uitwao Uhuru Platz, na jina hilo peke yake ni kitabu cha historia chenye maneno mawili. Asili ya neno la kwanza ni Kiarabu. La pili ni la Kijerumani, na maana yake ni uwanja. Wajerumani walifunguliwa kituo hapo na Emin Pasha mwaka 1890, wakaondoka mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mtawala alikwenda zake, lakini neno lake limesalia limeketi ubavuni mwa Uhuru, kama mgeni aliyesahau kuaga. Wenyeji hawakulifukuza.

Nchi hii ina habari za minara miwili iliyoanguka. Wa kwanza ni wa masimulizi. Katuruka, huko Maruku, yasimuliwa kuwa Mukama Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Hapo palikuwa na mti mtukufu ulioitwa Kaiija, na jina lake lahusiana na kazi ya uhunzi. Mtu asiyeamini angeweza kucheka. Lakini mtaalamu Peter Schmidt alipochimbua mahali hapo, kuanzia mwaka 1970, alikuta mabaki ya ufuaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mnara wa pili ulikuwa wa simu ya upepo, nao ulijengwa na Wajerumani. Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakapigana siku mbili, yakauangusha. Basi mnara ulioonekana na kila mtu ulilazwa chini kwa siku mbili, na ule ambao hakuna kati yetu aliyeuona umesimama vinywani mwa watu kwa vizazi vingi.

Mzaha na ukome hapo, maana kumbukumbu nyingine hazivumilii mzaha. Kwa desturi ya Wahaya, mtu huzikwa katika kibanja chake, chini ya migomba, karibu na mlango alioutokea kila asubuhi. Kaburi la namna hiyo halihitaji mlinzi wala bango. Mwenye kupalilia migomba ndiye mlinzi, na mtoto aulizaye ni nani aliyelala pale hujibiwa papo hapo. Ndiyo sababu kuuza kibanja cha ukoo ni jambo zito: auzaye ardhi huuza na wazee wake. Kwa watu wa desturi hiyo, makaburi ya pamoja, yaliyo mbali na nyumba, ni jambo geni. Hata hivyo historia imewapa makaburi hayo mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa ni vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, na baada ya siku chache akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Majeshi ya Tanzania yaliwarudisha wavamizi, yakasonga mbele, na Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Askari waliokufa katika vita hivyo walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, na hapo ndipo Rais Jakaya Kikwete alipoadhimisha Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai 2013. Wengi wao walitoka mikoa ya mbali. Mama zao hawakupata kaburi la kupalilia mlangoni.

Mara ya pili ilikuwa ni maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Ilijaza watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Miili mingi, hasa ile isiyotambuliwa, ilizikwa Igoma, Mwanza. Hivyo watoto wa Bukoba na Muleba nao wamelala ugenini, mbali na migomba yao.

Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, twaona deni lisiloandikwa katika daftari la serikali. Muleba yafagia makaburi ya wana wa mikoa mingine. Mwanza yafagia makaburi ya wana wa Kagera. Hakuna aliyekubaliana na mwenziwe juu ya jambo hili, wala hakuna awezaye kulipa. Wenye kuandika historia ya nchi hupenda kusoma majina yaliyochongwa juu ya mawe, nasi twafanya vema kuyasoma. Lakini na tuulize pia ni nani afagiaye majani yaliyoanguka juu yake. Jiwe laweza kutaja jina la marehemu. Haliwezi kuwa jamaa yake. Kazi ya ujamaa huo iko mikononi mwa mwenyeji. Siku atakapochoka, marehemu wa Kaboya na wa Igoma watakuwa wageni kweli.