Rosa Mistika na Marufuku ya Vitabu Shuleni
Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilichapishwa mwaka 1971, ikiwa na jina la Bikira Maria litajwalo katika Litania. Punde ikapigwa marufuku shuleni kwa kueleza wazi uasherati na utoaji mimba. Miaka baadaye ikawa kitabu cha kiada. Ajabu ni kwamba Rosa anaangamia kwa kubanwa na baba mlevi, wala si kwa kusoma.

Kanisa nalo lilikuwa na Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa. Mwaka 1966 ilipoteza nguvu ya sheria, wajibu wa dhamiri ukabaki. Februari 2023 Serikali ilikataza vitabu 16 katika shule zote nchini, za Kibaha na Kisarawe zikiwemo. Tunawasihi walimu na wazazi wasome kitabu chote kabla ya kukiondoa maktabani.